Tumemfanya Salme hadithi ya mapenzi, tukamsahau mama

Watembeza wageni wa Mji Mkongwe, hapa Unguja, wana namna moja ya kumsimulia Sayyida Salme. Wanasimama kichochoroni, wananyoosha kidole juu dirishani: hapa alikaa binti wa mfalme, pale ng'ambo alikaa Mjerumani, wakaonana, wakapendana, akatoroka usiku. Wageni wanaguna, wanapiga picha, wanakwenda zao Forodhani kula pweza. Siwalaumu, ni riziki zao, na habari yenyewe si ya uongo. Lakini hicho ni kipande kidogo tu cha umri wa mtu aliyeishi miaka 79, na sisi wenyeji tumekubali kubaki na kipande hicho hicho. Wazee wetu walimtaja kama "yule aliyekimbia na Mdachi", wengine kwa kuona haya, wengine kwa kicheko, na mazungumzo ya barazani yakaendelea na mengine.

Mimi nataka kumsema kwa upande mwingine. Salme ninayemjua ni msichana aliyejifunza kuandika kwa kujificha, akaja kuwa mjane mwenye watoto watatu ugenini, na maisha yake yote yaliyobaki akayamaliza kwa kutumia kalamu ile ile kuwatetea wanawe na kuwaandama nduguze warudiane. Kukimbia kwenyewe kumo, lakini si ndiko kunakonishughulisha.

Kila abiria wa daladala za 502 anayekwenda Bububu hupita Mtoni, na sidhani kama wengi hugeuza shingo. Pale pwani ndipo lilipokuwa jumba la Beit el Mtoni, makazi ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar na baba yake Salme, na ndipo alipozaliwa Salme tarehe 30 Agosti 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi, watu wa milima ya Kaukasi. Alitekwa angali mtoto mdogo vitani, wazee wake wakauawa, akaletwa mpaka Unguja. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana nitalirudia, na litaniuma.

Jumba lile lilikuwa na watu wa kila lugha: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi, Kihabeshi, Kinubi, na Kiswahili bila shaka. Mwenyewe ameandika kwamba baba yake alipofariki waliokuwa hai walikuwa watoto 36. Katika umati kama huo mtoto wa kike aliye nyuma kwa kuzaliwa hatazamwi sana. Nadhani hilo lilimsaidia.

Chuo chao kilikuwa varandani, watoto wamekaa mkekani, wavulana kwa wasichana, mbele yao mwalimu wa kike aliyetoka Omani mwenye fimbo isiyopumzika. Wasichana walisomeshwa msahafu tu: kutamka, kuhifadhi, basi. Kuandika hakukuwa kwao. Hoja iliyotolewa wakati huo ni ile ile niliyoisikia kwa masikio yangu kwa watu wazima wa kizazi cha bibi zangu, kwamba mwanamke akijua kuandika atawaandikia wanaume. Salme hakubishana na mtu. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao chuoni ndio uliokuwa ubao, akawa anaziiga herufi za msahafu moja moja, peke yake, mpaka zikamkubali. Alipoona sasa anahitaji wa kumsahihisha mwandiko, akamtafuta mtumwa mmoja wa nyumbani aliyejua kusoma na kuandika, akamfunza. Siri ilipotoka alisemwa vibaya sana. Anaeleza kwamba hakujali, na mimi namwamini, kwa sababu yaliyofuata yote yanaonyesha mtu asiyejali kusemwa.

Kwa bahati kaka yake Majid alikuwa na moyo wa kumwachia. Walipohamia Beit el Watoro kwa Majid, Salme, ambaye hajafika hata miaka 10, akajifunza kupanda farasi na kupiga bunduki. Mtu akisoma habari za siku hizo anaona mtoto mwenye furaha ya kweli. Kisha vifo vikaanza. Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856 akirejea kutoka Omani. Salme, miaka 12, akahesabiwa mtu mzima na kupewa fungu lake la urithi. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake.

Mwaka huo huo nduguze wawili, Majid aliyekaa kwenye kiti cha usultani na Barghash aliyekitaka, waligombana mpaka kufika kwenye silaha. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme alimpenda Khole kuliko wote, basi akamfuata. Na nani katika kundi lile la wanawake angeweza kuandika barua za siri kwa masheha na wakubwa wa mashamba? Binti wa miaka 15 ndiye aliyekuwa karani wa uasi. Manowari za Waingereza zikamsaidia Majid, uasi ukazimwa, Barghash akapelekwa Bombay. Salme akajitenga shamba, Kizimbani na kisha Bububu, na baadaye akapatana na Majid. Kupatana huko upande wa pili hawakumsamehe. Aliyewahi kukaa katikati ya ndugu waliogombana, hasa ugomvi wenye mashamba ndani yake, hahitaji kuelezwa zaidi. Jeraha hilo la 1859 ndilo lililoamua mengi ya baadaye, kuliko dirisha na kichochoro.

Hapa sasa ndipo watembeza wageni huanzia, na mimi nitapita mbio. Yule jirani wa dirisha la ng'ambo alikuwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Salme akapata mimba. Agosti 1866 akapanda manowari ya Kiingereza Highflyer akaenda Aden, kwa msaada wa mke wa kaimu balozi wa Uingereza. Inasimuliwa kwamba alitumia usiku wa Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa Waswahili, wanawake wanapokwenda pwani kukoga, na mtu mmoja kukosekana hakutambulikani haraka. Aden alijifungua mtoto wa kiume Desemba, akamsubiri Ruete miezi, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa. Yule mtoto mchanga alifia njiani Ufaransa walipokuwa wakielekea Ujerumani. Sijamsikia mtembeza wageni hata mmoja akimtaja mtoto huyo. Katika hadithi ya mapenzi hana nafasi.

Najua wapo wasomaji wangu ambao kwao neno "akabatizwa" linafunga mjadala. Siwezi kuwafungulia, na si kazi yangu kumhukumu mtu baina yake na Mola wake. Ninachosema ni kwamba hata anayemlaumu kwa kutoka katika dini anaweza kumsoma. Tunasoma habari za watu wengi ambao hatukubaliani nao, tena wengine tumewapa majina ya mitaa.

Mwaka ninaoukaa nao mimi ni 1870. Salme yuko Hamburg, ana miaka 25. Ana binti aliyezaliwa Machi 1868, mwana aliyezaliwa Aprili 1869, na binti mwingine aliyezaliwa Aprili 1870. Mwezi wa Agosti mumewe anaumia katika ajali ya tramu ya farasi na kufariki. Mtoto mdogo hajatimiza miezi minne. Mwezi wa Oktoba anafariki Majid, kaka pekee mwenye uwezo ambaye huenda angelainika. Kiti kinakaliwa na Barghash.

Wanawake wenzangu wa hapa wanajua mjane anavyopokelewa kwetu. Nyumba hujaa. Mashoga na mawifi huja na mikeka yao, mtu anapika, mtu anabeba mtoto, na eda ya miezi minne na siku kumi, hata ikiwa nzito, ina watu ndani yake. Salme hakuwa na hata mmoja wa hao. Kijerumani chake kilikuwa cha kuungaunga, sheria ya pale ilimwekea wasimamizi wa mali, na fedha zikawa zinapungua kila mwaka. Akahama Hamburg, akakaa Dresden, Rudolstadt, Berlin, kila mara akitafuta mahali atakapoweza kumudu maisha. Akasomesha Kiarabu kwa malipo. Yaani binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa katika jumba ambalo mtu hakuteka maji yake mwenyewe, akawa mwalimu wa nyumbani ili watoto wake wale na wasome. Na aliwasomesha kweli.

Watoto wale aliwapa majina ya Kijerumani mbele na ya kwao nyuma: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Mtu aliyekata mizizi yake kwa kupenda hafanyi hivyo.

Karibu mwaka 1877 alianza kuandika. Sababu anaieleza mwenyewe katika utangulizi wa kitabu chake kilichotoka Berlin mwaka 1886: alikuwa amechoka mwili na roho, alidhani hataishi mpaka watoto wakue, na watoto hawakujua chochote juu yake ila kwamba ni Mwarabu mzaliwa wa Zanzibar. Aliwaandikia wao. Hakuwa akiwaandikia Wazungu, wala hakuandika ili apate jina, ingawa leo kitabu hicho hutajwa kuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa ambamo mwanamke wa Kiarabu amesimulia maisha yake mwenyewe. Ndiyo maana kimejaa mambo ambayo mwanahistoria mwanamume wa wakati ule asingeyagusa: sikukuu ilivyosherehekewa, mgonjwa alivyouguzwa, mtoto mchanga alivyofungwa nguo, nani alikaa wapi wakati wa kula, namna ya kumsalimia mkubwa. Mtafiti wa leo anayetaka kujua ndani ya nyumba za Unguja ya miaka ya 1850 palikuwaje, hana budi kupita kwa Salme. Mama alikuwa anawafunza wanawe adabu za kwao kwa maandishi, kwa sababu hapakuwa na bibi wala shangazi wa kuwafunza kwa mdomo.

Na huku akiendelea kugonga mlango wa Barghash. Mwaka 1875 Barghash alikwenda London, Salme akafunga safari kumfuata huko, wakubwa wa Kiingereza wakahakikisha hawaonani. Agosti 1885 akaja Unguja kabisa, na watoto wake, lakini alikuja na meli za Kijerumani wakati Bismarck, chansela wa Ujerumani, anamshinikiza Barghash juu ya ardhi za bara. Walimtumia. Ujerumani ilipopata ilichotaka, madai ya bibi huyu hayakuwa na haja tena. Anasimulia jinsi watu wa mjini walivyomzunguka njiani wakimwamkia kwa Kiarabu na Kiswahili, na jinsi alivyokwenda Mtoni akakuta jumba linaanguka. Kaka hakumpokea. Akaja tena 1888, Barghash keshakufa mwezi wa Machi, kiti ni cha ndugu yao Khalifa. Hakupata kitu vilevile.

Je, Barghash alikosea? Hapa ninatofautiana na wanaomtetea Salme kwa kila jambo. Katika sheria yetu ya mirathi aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu, hilo halina kona, na Barghash alikuwa mtawala wa dola ya Kiislamu mbele ya masheikh wake. Tena huyo dada alimwacha mwaka 1859 akapatana na adui yake, kisha anakuja amesindikizwa na mizinga ya watu wanaomnyang'anya nchi. Mimi ningekuwa Barghash ningekasirika. Lakini mirathi ni jambo moja na hisani ni jambo jingine. Hakuna sheria iliyomzuia sultani tajiri kumpa dada yake mjane kitu cha kuwalisha watoto, kama zawadi, bila kuiita mirathi. Hakutoa kitu cha maana. Aliyekataa hapo ni kaka, wala asijifiche nyuma ya kadhi.

Sasa lile la kuniuma. Salme aliutetea utumwa. Katika kitabu hicho hicho ana sura nzima anayodai kwamba utumwa wa kwetu haukuwa kama ule wa Marekani, kwamba Wazungu hawaelewi, na anawasema watumwa walioachwa huru kwa maneno ya dharau. Haya aliyachapisha zaidi ya miaka 10 baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873. Aliyaandika binti wa mwanamke aliyetekwa, na kwa mwandiko aliofunzwa na mtumwa. Mashamba yake yalichumwa karafuu na watu wasiolipwa, na hakuna mahali anapojiuliza watoto wao walisoma wapi. Mapenzi yake kwa familia yalikuwa makubwa, lakini yaliishia mlangoni kwake. Sioni haja ya kulipamba jambo hili, na wanaomgeuza leo kuwa shujaa wa haki za wanawake wote wangefanya vyema kuisoma sura hiyo kwanza.

Hamburg walipambana nalo. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa mji huo ulipewa jina la Emily Ruete, na mwaka uliofuata wakaamua jina liondolewe, kwa sababu ya maneno yake hayo. Nawaelewa. Jina la uwanja ni heshima, na mji una haki ya kuchagua nani wa kumheshimu. Kwetu shida ni nyingine. Sisi hatujagombana juu yake hata kidogo, kwa sababu hatujamsoma. Tumemjua kwa chumba alichotengewa katika Makumbusho ya Kasri na kwa makumbusho madogo ya Hurumzi, ambayo mara nyingi wanaoingia ni wageni. Wanafunzi wetu wa skuli wanamaliza masomo wakijua jina la Bismarck na hawajui kwamba msichana wa Mtoni aliwaandikia wanawe juu ya Unguja kurasa kwa kurasa.

Baada ya 1888 hakutaka kurudi kukaa Ujerumani. Akaishi Jaffa, kisha Beirut mpaka 1914, mahali ambapo aliweza angalau kusikia Kiarabu dirishani. Mwishoni akawarudia watoto, akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg kwenye kaburi la familia ya mumewe. Husimuliwa kuwa alikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Watembeza wageni wanaupenda mchanga huo pia. Mimi hupenda zaidi kuwatazama watoto. Antonie alifuatana na mumewe mpaka visiwa vya Marshall katika bahari ya Pasifiki, huko akakusanya vitu vya utamaduni wa watu wa kule. Rudolph Said aliandika kitabu juu ya babu yake Sayyid Said kilichotoka mwaka 1929, akaitunza maktaba ya mambo ya Zanzibar na Omani ambayo sehemu yake iko Leiden, Uholanzi. Mwana ambaye hakuwahi kuishi hapa akajifanya mtunza kumbukumbu wa hapa. Sijui ushahidi gani mwingine mtu anautaka kwamba mama alifanya kazi yake.

Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, miaka 61 baada ya Salme kupanda Highflyer na mitatu baada ya kufa kwake. Hii haina maana kwamba katikati hapo hakukuwa na wanawake waliojua kuandika. Walikuwapo. Bibi zetu wengi, Unguja na Pemba, waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua kwa waume waliosafiri, hesabu za karafuu, mashairi, dawa, majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa nyuma ya jalada la msahafu. Wao hawakupata mchapishaji wa Berlin. Karatasi zao zimo katika masanduku na makabati yetu, na kila masika zinaliwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa anayesoma. Kabla hamjagawana vitu vya marehemu bibi, kabla hamjachoma "makaratasi ya zamani" ili chumba kipate nafasi, piga picha kila ukurasa kwa simu, mwanga wa mchana, mbele na nyuma. Andika pembeni ni za nani na zilikutwa nyumba gani. Kisha zipelekeni Nyaraka, hifadhi ya kumbukumbu za Zanzibar, pale Kilimani, mkaulize jinsi ya kuzihifadhi. Kama hapo nyumbani hakuna anayeweza kusoma khati hizo, mtafuteni mwalimu wa chuoni. Mtaani kwenu yupo.